Keki ya Limau kwa Mgeni Asiyekula Ngano

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu wa upishi mlio hapa, na ndugu zangu nyote mnaooka majumbani mwenu:

Nashukuru kwa nafasi hii. Niliombwa nizungumzie vitindamlo vya limau visivyo na gluteni, zile protini za ngano, na nimeambiwa kwamba wengi wenu mna mtu nyumbani, au rafiki wa karibu, ambaye hukaa mezani akiwatazama wenzake wakila keki huku yeye akiwekewa ndizi kwenye kisahani. Nitasema msimamo wangu mapema, ili anayetaka kubishana nami aanze kujiandaa. Kazi hii haianzi na mapishi. Inaanza na usafi wa jiko. Na limau sikulichagua kwa harufu yake tu, bali kwa sababu karibu kila upungufu wa unga usio wa ngano limau linaweza kuusaidia, mradi mpishi ajue aliingize saa ngapi.

Naomba nianze na aibu yangu. Miaka kadhaa iliyopita mtoto wa dada yangu aligundulika kuwa na ugonjwa wa siliaki, ambao mwenye nao hawezi kula gluteni, na mimi, kwa kujiamini kwa mtu aliyeoka keki tangu ujana wake, nikaahidi kumwokea keki ya limau ya siku yake ya kuzaliwa. Nilinunua unga wa mchele mpya, nikasoma vibandiko vyote, nikaosha bakuli mara mbili. Keki ikatoka imeiva vizuri, ikakatwa, ikasifiwa. Usiku ule mtoto alijikunja kwa maumivu ya tumbo na kutapika, na mimi nikakaa nikiipitia kila hatua kichwani nisilione kosa. Nililiona asubuhi nilipokuwa naosha chombo cha kuokea: kwenye kona zake kulikuwa na utando mweupe uliogandamana na mafuta. Nilikuwa nimekipaka chombo siagi, kisha, bila hata kuwaza, nikachota unga wa ngano kutoka kwenye mkebe wa siku zote na kuunyunyiza ili keki isishike. Kichwa kilikuwa kimejifunza. Mkono ulikuwa bado.

Baadaye nilipiga hesabu, nayo ndiyo iliyonitia adabu. Codex Alimentarius, yaani kanuni za kimataifa za vyakula zilizo chini ya Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani, huruhusu chakula kiitwe kisicho na gluteni iwapo kiasi chake hakizidi miligramu 20 katika kila kilo. Gramu moja ya unga wa ngano hubeba miligramu zipatazo 80 za gluteni. Keki yangu ilikuwa na uzito wa gramu 800 hivi. Hata kama baada ya kukung'uta chombo ilibaki gramu moja tu, kipimo kile kingekuwa kimezidishwa mara tano, na gramu moja ya unga ni kitu ambacho ukikipuliza kiganjani kinapotea.

Tuelewane basi kuhusu huyu tunayemkimbia. Gluteni ni mkusanyiko wa protini zilizomo katika ngano, na jamaa zake wa karibu wamo katika shayiri na katika nafaka iitwayo rai. Unga wa ngano ukikutana na maji na kukandwa, protini mbili, gliadini na glutenini, hushikana na kufanya wavu unaovutika, na wavu huo ndio unaobana hewa ili mkate uumuke na keki isibomoke. Kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, ambao unakadiriwa kumpata takriban mtu 1 kati ya 100, mwili huiona gluteni kama adui na katika kupigana nayo huharibu ukuta wa utumbo mdogo. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, ndiye aliyeonyesha uhusiano huo na ngano. Alikuwa na wagonjwa wadogo wakati wa njaa ya majira ya baridi ya mwaka 1944 na 1945, mkate ulipokuwa haupatikani, na tasnifu yake juu ya jambo hilo aliitoa mwaka 1950. Dawa aliyoifikia bado ni ile ile hadi leo: kuiacha gluteni kabisa, maisha yote.

Mzio wa ngano ni jambo jingine. Hapo kinga ya mwili hulipuka ndani ya dakika chache au saa moja mbili, ngozi ikavimba, koo likabana, na mtu anaweza kufa asipopata sindano ya adrenalini. Mwenye mzio wa ngano pengine anakula shayiri bila tabu. Mwenye siliaki hawezi. Kwa hiyo maneno "bila ngano" na "bila gluteni" hayabadilishani, na mtu akikuambia hali ngano, muulize aeleze zaidi kabla hujawasha jiko. Naongeza tahadhari inayotuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili: neno shayiri wengi wetu tunalitumia kwa nafaka mbili, ile inayotengenezewa kimea na bia, na ile inayobanjuliwa ikawa vipande bapa vya uji wa asubuhi. Ya kwanza ina gluteni yake yenyewe. Ya pili kwa asili haina ile ya ngano, lakini mara nyingi hulimwa, hubebwa na kusagwa pamoja na ngano, na wapo wagonjwa wachache wasioivumilia hata ikiwa safi. Usitumie ya pili ila kama pakiti inasema wazi kwamba haina gluteni na mgeni mwenyewe ameshaizoea.

Jikoni, adui hayumo katika unga tu. Yumo katika chekeche, ambalo matundu yake hayasafishiki hata ukilisugua kwa brashi. Yumo katika mwiko wa mbao wenye nyufa na katika ubao wa kukatia. Yumo katika siagi iliyochotwa kwa kisu kilichopita kwenye mkate. Nunua chekeche la pili, ulifunge utepe wa rangi, lisiguse ngano milele. Kama asubuhi umeoka maandazi au mikate, usioke keki ya mgeni mchana huo huo, maana vumbi la unga huelea hewani na kutua polepole juu ya kila kitu. Nimewahi kusikia mtu akisema kwa uhakika kwamba moto wa oveni huiua gluteni. Hauiui. Gluteni si kijidudu, na ingekuwa inauawa na moto basi mkate wenyewe usingemdhuru mtu.

Soma vibandiko hadi mwisho. Baadhi ya beking pauda huchanganywa na wanga wa ngano badala ya wa mahindi, na sukari laini ya aisingi vilevile huwekwa wanga ili isigande. Juisi ya limau ya chupa mara nyingi huhifadhiwa kwa salfaiti, ambazo huwabana kifua baadhi ya wenye pumu. Mimi juisi ya chupa siitumii kabisa, na sababu yangu ya kwanza si pumu: haina ganda, na ganda ndiyo nusu ya kazi.

Kuna kosa la huruma ninalolikuta mara kwa mara. Mpishi anaondoa ngano, anaweka unga wa lozi kwa sababu keki yake inakuwa laini na yenye mafuta mazuri, kisha anampa mtu ambaye hana shida na ngano bali na jamii ya lozi na korosho. Au anaweka maziwa yasiyo na laktosi akidhani amemsaidia mwenye mzio wa maziwa. Laktosi ni sukari ya maziwa. Mzio unasababishwa na protini zake, na protini hizo zimo zote katika maziwa hayo. Ndiyo maana mapishi nitakayoyaeleza leo hayana ngano, maziwa, mayai, karanga, lozi, soya wala ufuta. Si kwamba mgeni mmoja atakuwa na mizio yote hiyo, bali nimechoka kuoka keki nne kwa meza moja.

Sasa twende kwenye limau, na nikisema limau namaanisha lile la manjano lenye chuchu, si ndimu, ingawa ndimu pia itafanya kazi. Limau moja la wastani hutoa mililita 40 hadi 45 za juisi, na asilimia 5 au 6 hivi ya juisi hiyo ni asidi ya sitriki. Asidi ni ufundi wa kwanza wa limau. Ufundi wa pili umo katika vifuko vidogo vya mafuta vilivyotapakaa kwenye ngozi ya manjano, ambavyo unaviona ukilikunja ganda karibu na mwanga: vinapasuka na kurusha ukungu. Harufu tunayoiita ya limau iko pale, wala haimo kwenye juisi. Chini ya ngozi hiyo kuna utando mweupe, mchungu, ambao hatuutaki. Basi ganda likwaruzwe kabla limau halijakatwa, kwa kikwaruzo chenye meno madogo, ukiligeuza kila unapoona weupe, na mikwaruzo hiyo isuguliwe na sukari kwa vidole mpaka sukari iwe kama mchanga uliolowa. Sukari hupasua vifuko na kuyanywa mafuta. Dakika mbili za kusugua zinafanya kazi ambayo limau la tatu lisingeifanya.

Unga wa mchele peke yake una kasoro mbili: unakwaruza ulimini, na keki yake hubomoka. Kukwaruza kunatokana na chembe zake ngumu ambazo hazikupewa muda wa kunywa maji. Kubomoka kunatokana na kukosekana kwa ule wavu. Ya kwanza inatibiwa kwa subira, ya pili kwa wanga wa muhogo au wa mahindi pamoja na zanthani, ule unga mweupe mlaini ambao ukiguswa na maji huteleza kama bamia. Zanthani ni ya kutiwa kidogo mno. Nusu kijiko cha chai inatosha keki nzima, na ukizidisha utatafuna mpira.

Hapa ndipo palipo na siri niliyoipata kwa kuharibu keki nyingi. Unga wa mchele unataka kulala kwenye maji kwa nusu saa. Limau na magadi soda, yaani ile bikaboneti ya kupikia, vinataka kwenda motoni mara moja, kwa sababu vikikutana hutoa gesi ya kaboni dioksidi papo hapo na gesi hiyo haimsubiri mtu. Ukichanganya vyote kwa pamoja kisha ukaulaza mchanganyiko, unga utalainika lakini gesi itakuwa imekwisha toka, na keki itakuwa tofali. Ukikimbilia oveni, itaumuka lakini itakwaruza. Dawa yake ni kuvitenganisha: unga ulale na maziwa yake kwanza, limau na magadi viingie mwishoni.

Kwa hiyo pima kwa mzani gramu 170 za unga wa mchele uliosagwa laini na gramu 80 za wanga wa muhogo. Nasisitiza mzani, kwa kuwa kikombe cha unga wa mchele ni kizito kuliko kikombe cha unga wa ngano, na nyuzi zote za keki hizi zimefungwa kwenye uzito. Toa vijiko viwili vya ule wanga uviweke kando. Katika bakuli kubwa, sugua gramu 180 za sukari na maganda ya malimau mawili. Kijiko kimoja cha chakula cha mbegu za kitani zilizosagwa kichanganye na vijiko vitatu vya maji, ukiache dakika 10 kiwe kizito kama ute wa yai. Hicho ndicho kitakachoshika nafasi ya yai moja. Tia ute huo kwenye sukari, ongeza mililita 90 za mafuta ya kupikia yasiyo na harufu na mililita 200 za maziwa ya mchele au tui jepesi la nazi, koroga, kisha mimina unga, wanga, nusu kijiko cha chai cha zanthani na robo kijiko cha chai cha chumvi. Piga kwa nguvu bila hofu. Onyo la kutopiga sana rojo la keki linahusu gluteni, na hapa haipo. Funika, acha nusu saa.

Wakati huo washa oveni ifike nyuzijoto 175, na utandike chombo kidogo cha mkate kwa karatasi ya kuokea. Karatasi, ndugu zangu, si unga.

Nusu saa ikitimia, chukua wanga ule wa kando uchanganye na kijiko kimoja na nusu cha chai cha beking pauda na nusu kijiko cha chai cha magadi soda, uchekeche juu ya rojo, ukoroge, halafu mimina mililita 45 za juisi ya limau. Utasikia. Rojo hutoa sauti ndogo kama soda iliyofunguliwa chumba cha pili, na uso wake hujaa vipovu ndani ya nusu dakika. Geuza mara kumi, mimina chomboni, tia ovenini. Itaiva kwa dakika 45 hadi 50, na ukiwa na kipimajoto cha chakula, katikati ifike nyuzijoto 96 au zaidi kidogo, kwa sababu keki hizi hudanganya: kijiti kinatoka kikavu huku kiini bado ni uji.

Mtu ataona kwamba juisi ile ni nyingi kuliko magadi yanavyohitaji, na ni kweli. Nimeacha asidi ya ziada kwa makusudi ili keki ibaki na uchachu. Anayeongeza magadi akidhani itaumuka zaidi anaua limau lake na kubaki na ladha ya sabuni. Kama mnataka kuona jambo hili kwa macho, tieni chembe ya binzari manjano kwenye rojo, ambayo pia huipa keki isiyo na mayai rangi ya kupendeza. Binzari hugeuka nyekundu inapokutana na magadi na hurudi kuwa ya manjano asidi inaposhinda. Ukikata keki ukakuta madoadoa mekundu, jua magadi yako hayakuchanganyika sawasawa au yamezidi.

Keki ikiwa bado ya moto, itobwe kwa kijiti na kunyweshwa sharubati ya juisi ya limau moja iliyochemshwa na vijiko vitatu vya sukari. Siihesabu sharubati kuwa pambo: wanga wa keki hizi hukauka haraka kuliko wa ngano, na sukari iliyoyeyuka hushika maji.

Krimu ya limau nitaipitia kwa ufupi. Ile ya mayai na siagi mnaijua. Isiyo na mayai hufanywa nzito kwa wanga wa mahindi, na malalamiko ninayopata ni yale yale: iliganda vizuri, kisha ikawa maji. Sababu ni kwamba wanga ulichemshwa pamoja na juisi, na asidi ikichemshwa na wanga huukatakata. Chemsha kwanza mililita 200 za tui la nazi na gramu 25 za wanga na gramu 100 za sukari, ukikoroga mpaka itokote na kuwa nzito kabisa kwa dakika nzima, ipua, ndipo utie mililita 80 za juisi na ganda lililokwaruzwa. Usitumie sufuria ya alumini isiyofunikwa rangi, maana limau huilamba na krimu hupata ladha ya chuma. Ya chuma kisichoshika kutu ndiyo inayofaa.

Wapenda povu la mayai nao hawakuachwa. Mwaka 2014 Mfaransa Joël Roessel alionyesha kwamba maji yaliyochemshiwa mikunde hupigika yakawa povu, na mwaka uliofuata watu wakaanza kuyaoka kama merengi, yaani povu tamu lililookwa, hasa maji ya dengu kubwa nyeupe. Vijiko vitatu vya maji hayo ni kama yai moja. Matone machache ya limau husaidia povu lisimame, nalo huokeka vizuri juu ya krimu niliyoitaja. Ila muulize mgeni kwanza, kwani dengu ni mikunde kama karanga na soya, na wapo wachache wenye mizio ya karanga ambao mikunde mingine pia huwasumbua. Na kwa kuwa tumefika huko: wapo pia ambao limau lenyewe huwawasha midomo, na kwa hao mimi leo sina la kuwapa.

Keki iliyobaki isiwekwe kwenye friji, kwa sababu baridi ya kawaida ndiyo inayougandisha wanga na kuifanya keki iwe kavu. Ikate vipande, kila kipande ukifunge peke yake, weka kwenye friza. Kipande kimoja kinahitaji nusu saa tu nje kabla ya chai, na mtoto wa dada yangu siku hizi hubeba chake kwenye mkebe wake anapokwenda kwenye sherehe za wenzake.

Kwenye meza ile ya pembeni nimeweka keki mbili. Ya kushoto ndiyo niliyoieleza, na karatasi iliyo mbele yake imeandikwa kila kilichomo, pamoja na zile mbegu za kitani. Ya kulia ni ya ngano, siagi na mayai, kwa ajili ya watakaotaka kulinganisha. Watakaokula ya kushoto kwa sababu za afya nawaomba watangulie, na kisu cha kila keki kibaki kwenye sahani yake.